Monita Mpya katika Chumba cha Eksirei: Mipangilio Inayoamua Kitakachoonekana

Monita ya kompyuta katika chumba cha kusomea eksirei hufa kama kifaa kingine chochote. Umeme hukatika, hurudi kwa nguvu isiyo ya kawaida, na kioo hakiwaki tena. Wagonjwa wako kwenye benchi, kwa hiyo mtu hukumbuka kwamba ofisi ya uhasibu ina monita isiyotumika. Inaletwa, waya unachomekwa, picha ya kifua inatokea, na kila mmoja anarudi kazini akiwa ameridhika. Hakuna aliyefanya kosa la makusudi. Hata hivyo, kutokea kwa picha hakuthibitishi kwamba kinachoonekana ndicho kilichopigwa.

Wakati wa filamu jambo hili halikuwapo kwa namna hii. Tangu Röntgen alipogundua miale hiyo mnamo Novemba 1895, na kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata, picha ilikuwa kitu kinachoshikika: filamu iliyotundikwa mbele ya sanduku la mwanga. Taa ikififia kila mtu aliona. Katika eksirei ya kidijitali picha ni faili la namba, na monita ndiyo inayozigeuza namba hizo kuwa weusi, weupe na kijivu. Monita ni sehemu ya mtambo wa eksirei, ingawa inauzwa katika duka moja na za mapokezi na za shule.

Makutupora ni mfano mzuri wa mahali ambapo tofauti hii inaweza kumgusa mgonjwa. Hapa inazungumziwa Makutupora iliyo kaskazini mwa jiji la Dodoma, penye visima vinavyolipatia jiji maji, mashamba ya zabibu na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Si ile ya Manyoni, mkoani Singida, ambayo siku hizi hutajwa sana kwa sababu ya reli ya kisasa. Mtu anayesoma picha za watu wa eneo kama hili hatashangaa kukutana na wagonjwa wa aina tatu. Wa kwanza ni kijana wa mafunzo ya kijeshi mwenye maumivu ya wayo baada ya majuma ya gwaride, ambaye huenda ana ufa mwembamba kama unywele katika mfupa wa wayo. Wa pili ni mkulima aliyekohoa zaidi ya majuma mawili, mwenye wingu hafifu kwenye ncha ya juu ya pafu, nyuma ya mtulinga, mahali ambapo kifua kikuu hupenda kuanzia kwa watu wazima. Wa tatu ni abiria wa bodaboda aliyeanguka, ambaye hewa imeanza kujikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua. Dalili zote tatu ni hafifu. Mbili za mwisho zimo katika maeneo yenye weupe mwingi au weusi mwingi, na hayo ndiyo maeneo ambayo monita iliyopangwa vibaya huyaharibu kwanza, huku katikati ya picha kukiendelea kupendeza.

Mipangilio yote haina uzito sawa. Kasi ya kioo kujichora upya kila sekunde, ambayo vijana wa michezo ya kompyuta huijadili sana, haina maana yoyote kwa picha iliyosimama. Mambo manne yanastahili muda wa mhudumu: idadi ya pikseli, umbo, kingo, na mpangilio wa vivuli.

Pikseli ni nukta ndogo za mwanga ambazo kioo kimetengenezwa nazo, na idadi yake haibadiliki. Monita ikiunganishwa, huipelekea kompyuta taarifa fupi ya uwezo wake, na kompyuta huchagua idadi inayofaa. Waya ukiwa mbovu, au ukipitia kigawanyio cha bei rahisi, taarifa hiyo haifiki, na kompyuta hukisia. Mara nyingi hukisia namba ya zamani, kama 1024 kwa 768, wakati kioo kina 1920 kwa 1080. Picha hutokea, ila imelegea kama inayotazamwa kupitia chandarua. Ufa wa unywele hauwezi kuonekana hapo. Katika kompyuta za Windows tiba yake ni kubofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, kuchagua “Display settings”, kisha chini ya “Display resolution” kuchagua namba iliyoandikwa “Recommended”. Ikiwa namba halisi ya kioo haimo katika orodha, mhudumu asiridhike na iliyo karibu nayo. Kwanza abadilishe waya. Monita yenye nafasi ya HDMI au DisplayPort isiunganishwe kwa waya wa zamani wa VGA, ambao hupeleka picha kama mawimbi badala ya namba na huweza kuleta vivuli vya uongo pembeni mwa mifupa.

Karibu na hapo kuna mpangilio unaoitwa “Scale”, unaokuza maandishi kwa asilimia 125 au 150. Ni msaada kwa macho ya watu wazima, lakini programu nyingi za zamani za kutazamia eksirei hazikuandikwa kwa ajili yake, na Windows huzikuza kwa kunyoosha picha nzima. Ukirudishwa kwenye asilimia 100, ukali wa picha mara nyingi hurudi papo hapo.

Umbo hupotoka kwa sababu hiyo hiyo ya namba isiyo sahihi. Picha iliyoandaliwa kwa kioo cha uwiano wa 4 kwa 3 ikinyooshwa kujaza kioo cha 16 kwa 9, kila kitu hupanuka kwa theluthi moja kwenda pembeni. Wengi hudhani hatari yake ni kuona moyo umetanuka. Kwa kweli kipimo cha kawaida cha moyo hakiathiriki hapa, maana hulinganisha upana wa moyo na upana wa kifua, na vyote viwili hunyooshwa sawasawa. Kinachopotoka ni pembe: mfupa uliovunjika na kuinama huonekana umeinama zaidi au pungufu ya hali halisi, kulingana na ulivyolala, na anayekadiria kwa jicho kama mfupa unahitaji kunyooshwa hudanganyika. Kuhakikisha ni rahisi. Duara lichorwe katika programu yoyote ya kuchorea, kisha lipimwe juu ya kioo kwa rula, wima na ulalo. Vipimo viwili vikitofautiana, mipangilio si sahihi.

Kingo hukatwa zaidi pale ambapo televisheni imegeuzwa kuwa monita, jambo linalotokea kwa sababu televisheni kubwa hupatikana kirahisi. Baadhi ya televisheni hukuza picha kidogo na kuficha pembezoni, desturi iliyorithiwa kutoka televisheni za zamani za kioo kinene. Katika filamu ya sinema hasara hiyo haionekani. Katika eksirei, pembezoni ndimo lilimo jina la mgonjwa na ile herufi inayoonyesha upande wa kulia au wa kushoto. Pembe za chini za kifua, ambako maji machache huanza kujikusanya, nazo ziko karibu na ukingo. Mpangilio wa kuondoa ukuzaji huo umo katika orodha ya televisheni yenyewe, mara nyingi chini ya maneno kama “Just Scan”, “Screen Fit” au “1:1”. Ukipatikana, upau wa chini wa Windows na saa yake huonekana vyote.

Ukubwa wa kioo nao hudanganya. Monita ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli za upana wa takriban milimita 0.28, ya inchi 27 yenye idadi hiyo hiyo ina pikseli za milimita 0.31. Hakuna kilichoongezeka ila ukubwa wa nukta. Viwango vya vyama vya wataalamu wa radiolojia na fizikia ya tiba vya Marekani hutaka pikseli ya takriban milimita 0.2 kwa monita ya kutolea majibu rasmi, na isiyozidi milimita 0.25 kwa zile za kutazamia wodini na kliniki. Monita ndogo ya inchi 21.5 inatimiza sharti hilo la pili. Televisheni ya inchi 43 ukutani haikaribii. Inafaa kwa kufundishia, lakini haifai kwa kutafuta ufa.

Picha moja ya kifua ina takriban pikseli 2500 kwa upana na 3000 kwa urefu. Kioo chenye pikseli 1080 kwenda juu hakiwezi kuionyesha yote kwa ukamilifu, hivyo programu huifinya hadi theluthi. Kwa hiyo mhudumu asome kwa hatua mbili, kwanza picha nzima, kisha kuikuza kipande kwa kipande hadi kipimo cha moja kwa moja. Kama kiguu cha monita kinazunguka, inafaa kukisimamisha kioo wima na kuchagua “Portrait” katika mipangilio. Picha hiyo ya kifua ina urefu kuliko upana, na kwa kitendo hicho kisichogharimu shilingi pikseli zinazotumika kwa picha nzima huongezeka kwa karibu nusu.

Linabaki suala la vivuli, ambalo ndilo zito kuliko yote na ndilo lisiloonekana kwa urahisi.

Kompyuta hupeleka kwa monita ya kawaida ngazi 256 za mwanga, kuanzia 0, weusi kamili, hadi 255, weupe kamili. Ulimwengu wa televisheni umezoea desturi nyingine: weusi kamili ni 16 na weupe kamili ni 235. Waya wa HDMI hubeba desturi zote mbili, na vifaa viwili vikikosa kuelewana matokeo ni haya: kompyuta inatuma ngazi zote 256, monita inadhani chochote chini ya 16 ni weusi mtupu na chochote juu ya 235 ni weupe mtupu. Ngazi 16 za chini na 20 za juu hupotea. Kwa jicho picha huonekana imekolea na ina nguvu zaidi, wapo watakaoisifu. Lakini mishipa myembamba ya pafu iliyokuwa katika weusi imefutika, kwa hiyo pafu zima linaweza kufanana na eneo lenye hewa iliyovuja, na ule mstari mwembamba wa utando unaomwonyesha daktari kwamba pafu limeachana na ukuta unaweza kutoweka. Upande wa weupe, wingu la kifua kikuu nyuma ya mtulinga au nyuma ya moyo linamezwa na mfupa na misuli. Kutokuelewana kukiwa kwa upande wa pili, picha hufifia, weusi ukawa kijivu kama uliomwagiwa majivu.

Marekebisho hufanyika sehemu mbili, na lazima zikubaliane. Katika programu ya kadi ya picha ya kompyuta huchaguliwa “Full” badala ya “Limited”. Katika orodha ya monita, chini ya maneno kama “RGB Range” au “HDMI Black Level”, huchaguliwa vivyo hivyo. Katika orodha hiyo hiyo zizimwe hali zote zinazobadilisha mwanga zenyewe: ya kuokoa umeme, ya kukoleza picha kulingana na kilichomo, na ile ya usiku inayotia kioo rangi ya manjano. Hali za “Game” na “Movie” ziepukwe. Ikiwa monita ina hali iliyoandikwa “DICOM”, itumike, kwa kuelewa kwamba jina hilo halifanyi monita ya ofisini kuwa ya kitabibu.

DICOM ni kanuni ya kimataifa ya picha za tiba, na sehemu yake ya 14 inahusu jambo hili. Jicho halioni kila ongezeko la mwanga kwa uzito uleule. Badiliko linaloonekana wazi katika giza huenda lisionekane kabisa katika mwanga mkali. Kanuni hiyo huzipanga ngazi za kijivu ili kila hatua ionekane kwa jicho kuwa karibu sawa na nyingine, na picha moja ifanane Makutupora na katika hospitali ya rufaa mjini Dodoma. Monita za kitabibu hupimwa na kurekebishwa kwa kifaa maalumu cha kupima mwanga. Hapa kuna mtego kwa anayebadilisha monita: marekebisho yaliyofanywa kwa monita ya zamani yanaweza kubaki ndani ya kompyuta na kutumika kwa mpya, kama miwani ya mtu mmoja kuvalishwa mwingine. Fundi ayaondoe kwanza.

Kituo kisicho na kifaa cha kupimia mwanga bado kina njia ya kuhakikisha. Zipo picha za majaribio zilizotengenezwa kwa kazi hii, na hutolewa bila malipo. Ya SMPTE ina mraba mweusi wenye mraba mdogo ndani yake uliong'aa kwa asilimia 5, na mraba mweupe wenye mdogo wa asilimia 95. Vyote viwili lazima vionekane. Asilimia 5 ni takriban ngazi ya 13, na asilimia 95 ni ya 242. Kwa hiyo monita yenye lile kosa la HDMI huzimeza zote mbili, na siri yake hufichuka katika sekunde tano. Nyingine, TG18-QC, ina maneno “QUALITY CONTROL” yanayofifia herufi kwa herufi katika weusi, kijivu na weupe. Angalau herufi 11 kati ya 14 zinapaswa kusomeka katika kila eneo. Picha hizi zifunguliwe ndani ya programu ileile inayosoma eksirei, bila kufinywa.

Mwanga wa chumba una nguvu ya kuharibu kazi yote hii, na jua la Dodoma halina huruma. Chumba cha kusomea eksirei kinashauriwa kiwe na mwanga wa luksi 25 hadi 50, ilhali ofisi yenye taa nzuri hufika mia kadhaa. Monita ya kutolea majibu inapaswa kufikia mwangaza wa kandela 350 kwa kila mita ya mraba na ile ya kutazamia 250. Monita nyingi za ofisini haziwezi kuvuka hapo hata zikifunguliwa mwisho. Kwa kuwa kioo hakiwezi kushindana na dirisha, dirisha lifunikwe kwa pazia nene. Kipimo kizuri ni kuizima monita na kukitazama kioo cheusi: kinachoakisiwa humo, iwe taa, dirisha au koti jeupe la daktari, kinaongezwa juu ya kila picha inayosomwa. Vumbi nalo lifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu mdogo, umeme ukiwa umezimwa. Doa likionekana katika pafu, picha isogezwe kwa kipanya. Doa likibaki mahali pake ni la kioo, si la mgonjwa.

Mgonjwa ana sababu ya kulielewa jambo hili, maana huweza kuambiwa kwamba picha yake imetoka nyeusi na inabidi irudiwe. Katika filamu hoja hiyo ilikuwa na msingi. Katika eksirei ya kidijitali weusi wa kioo hausemi lolote kuhusu kiasi cha mionzi kilichotumika. Kipimo chake huandikwa na mtambo pamoja na picha. Kabla ya kurudia, faili lifunguliwe kwenye monita nyingine. Mionzi ya eksirei moja ya kifua ni kidogo, kwa kawaida chini ya milisieverti 0.1, lakini hakuna sababu ya kumpa mtu hata kiasi hicho kwa ajili ya waya mbovu. Kwa mgonjwa, swali la upole kama “Daktari, picha yangu inaweza kutazamwa kwenye kompyuta nyingine?” halina utovu wa adabu.

Faili haliharibiwi na monita mbaya, na hilo lina faida kubwa. Tarehe ya kubadilisha monita iandikwe katika daftari la chumba. Ikigundulika baada ya majuma mawili kwamba mipangilio ilikuwa na kasoro, picha zote zilizosomwa katika kipindi hicho zinaweza kufunguliwa na kusomwa upya, na waliokohoa wakaitwa. Kwa kijana wa gwaride jibu linahitaji subira zaidi: ufa wa aina yake mara nyingi hauonekani katika eksirei ya siku za mwanzo hata kwenye monita bora, hivyo maumivu yakiendelea apumzishwe na picha irudiwe baada ya majuma mawili au matatu. Huko ni kurudia kwenye sababu ya kitabibu.

Zipo pia programu za akili bandia zinazotafuta dalili za kifua kikuu, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2021 kwa uchunguzi wa watu wa miaka 15 na zaidi. Hizo husoma namba za faili, hazitazami kioo. Programu ikionyesha dalili mahali ambapo mhudumu haoni kitu, huenda imekosea, lakini monita nayo ikaguliwe kabla ya kuipuuza.

Tofauti na programu hizo, simu hutazama kioo. Mhudumu anayetaka ushauri hupiga picha monita kwa simu na kuituma WhatsApp kwa mwenzake mjini. Katika dharura mtu asilaumiwe kwa hilo, ila jina la mgonjwa lifunikwe, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa za afya kwa uzito wa pekee. Picha ya simu huja na michirizi ya mawimbi isiyokuwapo kifuani, na hurithi kila kasoro ya kioo kilichopigwa. Faili lenyewe likitumwa kwa njia rasmi, daktari wa Dodoma hulifungua na ngazi zake zote za kijivu, ambazo kwa kawaida ni 4096, na anaweza kuangaza weusi au kupunguza weupe atakavyo. Kwa picha ya simu anaona kile tu ambacho monita ya Makutupora ilikubali kuonyesha.